Wazazi Wazee na Hamu ya Chakula



Leo twapenda kusema habari za jambo ambalo karibu kila nyumba hulijua, walakini nyumba chache zimelifikiri sawasawa. Nalo ni hili. Baba au mama aliyekuwa akila vizuri siku zote, akiisha kuwa mzee huanza kupunguza tonge. Wali huletwa, naye huuchezea kwa vidole, hula matonge matatu, kisha hunawa. Binti humwuliza, "Mama, mbona hukula?" Naye hujibu, "Nimeshiba, mwanangu." Siku ya kwanza hapana asemaye neno. Baada ya mwezi mmoja nguo zaanza kumpwaya. Baada ya miezi mitatu au minne mama yule hujikwaa penye kizingiti, akavunjika paja, na hapo ndipo majirani husema, "Uzee umemfikia."

Sisi twasema si uzee peke yake uliomfikia. Kupungua kidogo kwa hamu ya kula ni jambo la umri, lakini kukonda si jambo la umri. Yapasa tuyapambanue mambo haya mawili, kwa sababu lile la kwanza ni la kuvumiliwa, na la pili ni la kutafutiwa sababu yake.

Na tuanze na yale yaliyo ya umri wenyewe. Mtu afikapo miaka 60 au 70 pua yake hupungukiwa na nguvu ya kunusa. Watu hudhani kwamba ladha yote i katika ulimi, nao ulimi hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, ukali, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama uliochemka sana. Yaliyobaki, kama vile iliki katika pilau, tui la nazi liwapo jikoni, au samaki aliyechomwa kwa makaa, huletwa na pua. Basi pua ikififia, pilau njema huwa kama wali mtupu, na mzee husema ya kwamba wapishi wa siku hizi hawajui kupika. Wakaza mwana wengi wamelaumiwa kwa kosa hili ambalo si lao.

Tena kuna tumbo. Tumbo la kijana hulegea na kujinyoosha kupokea chakula. La mzee hujinyoosha kwa taabu zaidi, na chakula hukawia kutoka ndani yake. Matumbo nayo hutia katika damu vitu fulani viuambiavyo ubongo ya kwamba sasa imetosha, na kwa wazee vitu hivyo huwa na nguvu zaidi. Madaktari wawili wa Marekani, Morley na Silver, waliandika habari za hali hii mwaka 1988, na tangu hapo wataalamu wengi wameichunguza. Kwa hiyo mzee asemapo "Nimeshiba" baada ya matonge machache, aghalabu hasemi uongo wala hadeki. Ameshiba kweli, ila mwili wake haujapata haja yake.

Uchunguzi mwingine, uliotangazwa huko huko Marekani mwaka 1994, wastahili kukumbukwa na kila mwenye mzazi mzee. Wanaume wenye afya, wengine vijana na wengine wazee, walipewa kwa muda wa majuma 3 chakula kisichotimiza haja yao, wakapungua uzito. Kisha wakaachwa wale kama wapendavyo. Vijana wakala kuliko desturi yao, wakaurudisha uzito uliopotea. Wazee hawakufanya hivyo. Miili yao haikuwadai deni lile.

Maana yake kwetu ni kubwa. Kijana akiugua malaria juma moja, siku ya kupona huingia jikoni mwenyewe kutafuta ukoko. Mzee hupona malaria, hushukuru Mungu, na hamu hairudi. Kila maradhi, kila msiba, kila safari ndefu humshusha daraja moja, naye hapandi tena asipopandishwa. Na kinachopotea si mafuta tu. Ni misuli, zile nyama za mwili zinazomwinua mtu kutoka mkekani bila ya kushika ukuta, na zinazomzuia asianguke atelezapo penye kisima au bafuni. Misuli ikipotea vidonda hukawia kupona, kikohozi huwa kizito kukitoa kifuani, na aliyekwenda sokoni kwa miguu yake mwaka jana mwaka huu apelekwa chooni kwa kushikwa.

Kiu nayo hupungua. Mwaka 1984 waganga walichunguza vijana na wazee walionyimwa maji kwa muda wa saa 24. Wazee, ingawa miili yao ilikuwa na upungufu wa maji, waliona kiu kidogo kuliko vijana. Basi tusingoje mzee aombe maji. Katika joto la Machi pwani ya kwetu, asiyeona kiu aweza kukaukiwa hata akachanganyikiwa maneno, na watu wakadhani amepagawa.

Sasa tuje kwenye sababu ambazo si za umri, nazo ndizo zenye dawa. Twamjua mama mmoja wa Tanga, mjane, ambaye watoto wake walitawanyika: mmoja Dar es Salaam, mmoja Mombasa, na mmoja Maskati. Kila jioni mmoja wao humpigia simu. "Shikamoo, Mama. Umekula?" "Marahaba, mwanangu. Nimekula." Fedha hazikukosa kumfikia, na unga na mchele vilijaa ghalani. Mama akazidi kukonda. Watoto wakalaumiana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akimshuku mwenziwe ya kwamba hatumi. Mwisho binti wa Mombasa akaenda kukaa naye siku 7, asifanye kazi nyingine ila kumtazama mama yake alavyo.

Aliona mambo manne. Kwanza, neno "nimekula" lilikuwa kweli: mama alikula chai ya rangi na vipande viwili vya mkate, asubuhi na jioni. Pili, nyama aliitafuna upande mmoja, kisha akaitema kwa siri ndani ya kitambaa. Meno yake ya bandia yalitengenezwa miaka mingi nyuma. Ufizi umepungua tangu siku zile, na meno yakawa yakicheza na kumtia kidonda. Tatu, alikuwa akimeza vidonge vya kisukari ambavyo humtia kichefuchefu, naye hakumwambia mganga kwa kuona haya kumsumbua. La nne binti hakuliona mpaka siku ya tano. Samaki alipopakuliwa, mama alimsogezea mjukuu kipande chake, akasema, "Mimi nimeshiba." Neno lile lile.

Hili la nne twaomba lifikiriwe sana. Mama wa kwetu amefundishwa tangu utotoni kwamba kitoweo ni cha mume, kisha cha wageni, kisha cha watoto. Yeye hufuta chungu. Desturi hiyo haimwachi kwa kuwa amezeeka. Hata penye chakula tele mkono wake hukisukuma mbele kwa mwingine. Na penye uchache, mambo huwa mazito zaidi. Serikali ya Zanzibar ilipoanza, mwezi wa Aprili 2016, kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, waliokaa na wazee walijua fedha zile zitakwenda wapi: katika chungu cha nyumba nzima, na katika daftari za wajukuu. Hatusemi ni vibaya. Twasema tu kwamba atakaye kujua mzazi wake amekula nini, asiulize. Na atazame sahani.

Habari za dawa nazo zahitaji maneno mawili. Metformini, itumiwayo sana kwa kisukari, huweza kupunguza hamu na kuchafua tumbo. Tena ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Digoksini, dawa ya moyo, ikizidi kipimo humtoa mtu hamu kabisa. Metronidazoli hutia kinywani ladha kama ya kulamba sarafu. Ziko na dawa nyingi zinazokausha mate, na asiye na mate hawezi kumeza muhogo hata kama aupenda. Lakini mtu asimwachishe mzazi wake dawa kwa shauri lake mwenyewe. Na atie dawa zote katika mfuko mmoja, pamoja na zile za mitishamba zilizonunuliwa sokoni, aende nazo kwa daktari, aulize ni ipi iondoayo hamu na kama iko nyingine ya kushika mahali pake.

Kufunga choo ni sababu ndogo yenye nguvu kubwa. Tumbo lililojaa halikaribishi mgeni. Maji, papai, mboga, na kutembea kidogo uani husaidia.

Kuhusu maradhi yenyewe tutasema kwa ufupi, kwani mahali pake ni hospitali. Mzee aliyepungua uzito sehemu 5 katika 100 ndani ya miezi 6 bila ya kukusudia, yaani mwenye kilo 60 akawa na kilo 57, apelekwe akapimwe. Apelekwe upesi zaidi yule ambaye chakula kigumu humkwama kooni, naye alianza kwa kukataa ugali, kisha wali, sasa ataka uji tu. Maana saratani ya umio ni nyingi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki kuliko nchi nyingi nyingine. Kikohozi kilichopita majuma 2, homa za jioni, damu chooni, kiu na mkojo mwingi kupita kiasi, hayo nayo si ya uzee. Asiye na mizani nyumbani na atwae utepe wa fundi wa cherehani, aupitishe katika shavu la mguu pale palipo panene. Ukionyesha chini ya sentimeta 31, ni dalili kwamba misuli imepungua. Ila mguu uliovimba hudanganya utepe.

Huzuni ni maradhi pia, ingawa wengi hatuihesabu. Mama yule wa Tanga alipika kila siku kwa miaka zaidi ya 40 kwa ajili ya mtu mmoja. Mtu yule alipozikwa, jiko nalo likazimika. Alisema, "Nimpikie nani?" Neno hilo lilikuwa na habari zote za ugonjwa wake, na katika simu za kila jioni hapana aliyelisikia. Mtu alaye pamoja na wenziwe hula zaidi kuliko alaye peke yake; hili limechunguzwa na kuthibitika, lakini bibi zetu walilijua bila ya uchunguzi. Nasi hapa tuna kosa letu tulilolivika vazi la adabu. Kwa heshima twamtengea mzee sinia lake, twampelekea barazani au chumbani mwake, twamwekea maji ya kunawa, kisha twarudi ndani kula na kucheka pamoja. Mzee huachwa na heshima yake na ukuta. Heri apunguziwe heshima hiyo, akae katika mkeka mmoja na wajukuu wenye kelele.

Sasa chakula chenyewe. Kama tumbo lakubali kidogo, basi kidogo hicho na kiwe kizito.  Wataalamu wa zama zetu, katika mwaka 2013, walisema mzee mwenye afya yampasa kupata kila siku protini gramu 1 mpaka gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, nayo ni zaidi ya haja ya kijana. Mama mwenye kilo 50, basi, ahitaji gramu 50 hata 60. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe kikubwa cha maziwa kina 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina karibu 20, na kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu 15. Na vile vipande viwili vya mkate na chai ya rangi? Gramu 5 tu, pengine pungufu. Hapo mtu aweza kuona jinsi mama alivyokuwa akishiba kila siku na huku misuli yake ikiyeyuka. Mwenye ugonjwa wa figo, hata hivyo, hesabu yake ni nyingine, naye amwulize daktari kwanza.

Si lazima vitu vya ghali. Uji wa ulezi ukipikwa kwa maziwa badala ya maji, ukatiwa karanga zilizosagwa, ni chakula kamili cha asubuhi. Kijiko kikubwa cha mafuta kina nguvu ya kalori 120 hivi, nacho hupotea ndani ya uji au mchuzi bila ya kuongeza ukubwa wa bakuli. Tui zito la nazi hufanya kazi iyo hiyo. Mbaazi za nazi zikiiva sana hazihitaji meno. Samaki wa kupaka aliyetolewa miiba na mkono wa mtu mwenye subira, mtori wa Wachaga wenye ndizi na nyama iliyopondwa, mayai ya kuvuruga, maziwa mgando, dagaa waliosagwa wakatiwa katika mchuzi. Vyote hivi vyafaa. Na katika vyakula vya pwani hatujui kilichotengenezwa kwa mzee kuliko bokoboko: ngano na nyama zilizopikwa na kupondwa hata zikawa kitu kimoja, na samli juu yake. Huliwa zaidi katika sikukuu na arusi. Twaona mzee angelipata mara mbili kwa juma lingemfaa kuliko wale vijana wa arusini.

Supu yasifiwa sana kwa wagonjwa na wazee, lakini maji ya supu bila ya nyama yake ni maji yenye harufu nzuri. Humjaza mzee akakataa kilicho cha maana. Na apewe pamoja na nyama iliyochambuliwa. Wala asinyweshwe mayai mabichi na asali kama wengine wafanyavyo. Yai bichi huweza kumharisha, na kuharisha kwa mzee dhaifu ni jambo la hatari. Chai ikae mbali kidogo na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma ya mboga na nafaka yasiingie vema mwilini. Milo mitano au sita midogo yafaa kuliko mitatu mikubwa, na mlo mzuri zaidi uwekwe saa ile mzee aonapo njaa, hata kama ni saa moja ya asubuhi na jirani wakashangaa kuona mchuzi wa samaki saa hiyo. Ndimu, tangawizi, kitunguu thomu na bizari huamsha pua iliyolala bila ya kuzidisha chumvi.

Twalo neno kwa watoto wenye elimu, ambao aghalabu ndio wakali kuliko daktari. Mzee wa miaka 80 mwenye presha na kisukari huwekewa orodha ya marufuku: chumvi hapana, nazi hapana, wali hapana, maembe hapana, nyama hapana. Amri hizo aghalabu zilitolewa alipokuwa na miaka 55 na tumbo kubwa. Sasa amebaki mifupa, na amri zingali zile zile. Na waende wakamwulize daktari zipi za kulegezwa. Mara nyingi njaa ni adui wa karibu zaidi kuliko sukari.

Mwezi wa Ramadhani huleta mashindano yake katika nyumba za Kiislamu. Mzee aliyefunga tangu utoto huona aibu kula mchana. Sheria yenyewe imemwondolea mzigo asiyeweza, naye hulisha maskini kwa kila siku. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyo mengi pwani yetu, kipimo ni kibaba kimoja cha chakula. Lakini maneno hayo yakitoka kwa mjukuu hayana uzito. Na aitwe mwalimu au shekhe amheshimuye, aje amwambie mwenyewe, tena faraghani.

Mzee aliyeanza kusahau ana njia zake. Hukumbuka wimbo wa utoto na husahau kwamba chakula kimo mbele yake. Asiwekewe sahani nne. Na iwekwe moja, chenye rangi tofauti na sahani, na cha kushika kwa mkono kama kitumbua, kipande cha ndizi au yai la kuchemsha. Mwenye kukaa naye na ale pia, kwa maana mkono wa mzee hufuata mkono anaouona. Kumkaripia, au kumshika kidevu na kumsukumia kijiko, huweza kukipeleka chakula katika mapafu.

Mama wa Tanga alitengenezewa meno mapya, daktari akabadilisha vidonge vyake, na mtoto wa jirani, msichana wa shule, akawa akija kula kwake kila mchana. Hakurudi kuwa mnene. Alirudisha kilo 4 kwa muda wa miezi 8, akaacha kushika ukuta.

Yako majira mengine ambayo hayana mashauri haya. Mtu akiwa katika siku zake za mwisho mwili huacha kutaka chakula, wala si njaa inayomwua. Ni kufa ndiko kunakoondoa njaa. Watoto huumia hapo, hung'ang'ana na bakuli la uji, huona kwamba wakiacha watakuwa wamemwacha mzazi wao afe kwa njaa. Sivyo. Wakati huo yatosha kumlowesha midomo kwa kitambaa safi chenye maji, kumpaka mafuta kidogo isipasuke, na kukaa karibu naye.